Mlima Meru Kama Kisiwa: Maelezo Juu ya Kupanga Utalii Utakaodumu

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha, akiisha kupita Boma Ng'ombe na kuingia katika uwanda mkavu wa Sanya, huona mbele yake, upande wa kulia, mlima uliosimama peke yake. Kandokando ya barabara ni vumbi, nyasi fupi na miti ya miiba; lakini akifika Maji ya Chai na Usa River mambo hubadilika ghafula. Migomba huanza, kisha mibuni, kisha vijito vyenye maji yaendayo kasi chini ya madaraja. Akiendelea mbele ya mji wa Arusha kuelekea Kisongo, migomba hukoma kama ilivyoanza, na ukame hurudi. Hali kadhalika upande wa kaskazini, ambako mteremko wa mlima huishia katika nyika ya Ngarenanyuki na Longido. Kwa maneno mengine, nchi ya Meru ni kisiwa. Haikuzungukwa na bahari, ila imezungukwa na nyika, na watu wakaao juu yake wana taabu na faida zote za watu wa visiwani.

Tunaanza na mfano huu kwa sababu wataalamu wa uchumi wamekwisha kuandika mengi juu ya utalii wa visiwa vidogo, na mafunzo yao yafaa kutumiwa hapa kuliko yale yatokanayo na nchi kubwa. Kisiwa kidogo kina ardhi isiyoongezeka. Maji yake ya kunywa ni ya kipimo. Mazao yake ya kuuza ni machache, mara nyingi moja au mawili, na wanunuzi wake wako mbali nacho. Na takataka zikiisha kutupwa hazina pa kwenda, hubaki papo hapo pamoja na aliyezitupa. Mtu akiyatazama hayo manne, kisha akatazama miteremko ya Meru, ambako kahawa, ndizi, maua na wageni ndiyo riziki ya watu, na ambako kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka hakigawanyiki tena, ataona kuwa mfano wetu haukutiwa chumvi.

Kwanza tuseme kidogo juu ya neno lenyewe. "Utalii" limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kutazama kwa makini, kusoma, kuchungua. Mtalii, basi, kwa haki ya jina lake, ni mtu anayejifunza. Siku hizi jina hilo limeshuka cheo, likawa la mtu yeyote apitaye na kamera. Na wale vijana wanaomwandama mgeni mitaani wakimtafutia hoteli na safari, Unguja huitwa mapapasi, yaani kwa jina la mdudu anyonyaye damu. Arusha huitwa flaikacha, kwa jina la Kiingereza la ndege anasaye nzi. Katika jina la Unguja mgeni ndiye anyonywaye, na katika jina la Arusha mgeni ndiye nzi. Hatujui kama kuna somo la uchumi ndani ya majina hayo, lakini mpangaji wa utalii asiyeyajua amekosa nusu ya habari. Kadhalika neno "endelevu" ambalo sasa limeenea katika vitabu vya serikali: maana yake ni kitu kinachoendelea pasipo kula mtaji wake. Mkulima wa Meru hahitaji kufundishwa jambo hilo. Anajua kwamba mwenye kung'oa chipukizi la mgomba pamoja na mama yake hatakuwa na ndizi mwakani.

Mtaji wa Meru ni maji. Mlima huu, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, huyakamata mawingu yatokayo upande wa bahari, na msitu wake huyahifadhi maji na kuyatoa polepole. Mto Themi, unaopita katikati ya jiji la Arusha, hushuka kutoka huko. Na mito mingine ya miteremko ya kusini huungana hatimaye katika Kikuletwa, ambao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kutoka hapo kuufanya mto Pangani. Kwa hiyo mtu anayekata mti juu ya Meru anagusa taa za umeme na mashamba ya watu wengi ambao hawajauona mlima huo maishani mwao. Lakini si maji yote ya Meru yaliyo mema. Mlima ni wa volkano. Ulilipuka kidogo kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake imetia ndani ya chemchemi nyingi madini ya floraidi kupita kiasi. Ndiyo sababu watu wengi wa upande wa Ngarenanyuki wana meno ya rangi ya kahawia, na wengine mifupa yao hupinda. Hapo Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kinachoshughulika na kuyatoa madini hayo katika maji ya kunywa, na njia mojawapo iliyotumiwa ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hata majina yanatoa ushahidi juu ya maji: Maji ya Chai ni maji yenye rangi ya chai, na Engare Nanyuki, kwa Kimaasai, ni maji mekundu.

Sasa fikirini hoteli. Mgeni mmoja katika hoteli nzuri huoga mara mbili, shuka zake hufuliwa, bustani iliyo mbele ya dirisha lake humwagiliwa maji, na labda pana bwawa la kuogelea. Maji hayo aghalabu hutoka katika kisima kilichochimbwa na hoteli yenyewe, mahali pazuri ambapo maji ni matamu. Na kwa kuwa maji matamu ni machache kuliko maji yote, kila kisima cha namna hiyo hupunguza kile ambacho ni haba zaidi. Jiji la Arusha lenyewe limepata kujua gharama ya jambo hili: mradi wake mkubwa wa maji, uliokopewa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika, uligharimu zaidi ya shilingi bilioni 500, na sababu yake moja ilikuwa kutafuta maji yasiyo na floraidi nyingi ili yachanganywe na yale ya zamani.

Hapa yafaa tutazame kisiwa cha kweli. Unguja, baada ya karafuu kupungua thamani, iliufanya utalii kuwa nguzo ya uchumi wake, na Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992. Hoteli zikajengwa kwa wingi katika pwani za kaskazini na mashariki, mahali ambapo maji matamu ya chini ya ardhi ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa nguvu, chumvi hupanda. Lakini katika kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, ambako matumbawe yalifanywa hifadhi mwaka 1994, wapangaji walianza upande mwingine. Chumbe haina chemchemi. Waliuliza kwanza ni maji kiasi gani yatakayoanguka juu ya paa, wakajenga kila nyumba iwe na paa la kuyakinga na tangi la kuyaweka, na idadi ya nyumba ikawa saba. Idadi ya wageni ilitokana na maji. Maji hayakutafutwa baadaye kwa ajili ya wageni waliokwisha kukaribishwa. Huo ndio mpango kwa maana yake halisi, na sijaona mfano ulio wazi kuliko huo katika nchi yetu.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa mpangaji huingia mahali penye kidonda. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Wilson kuchunguza ardhi za wilaya za Arusha na Moshi, na taarifa yake ya mwaka 1947 ikashauri kwamba Wameru wa Engare Nanyuki waondolewe ili nchi hiyo iwe ya walowezi wafugao ng'ombe. Mwezi wa Novemba 1951 wakaondolewa kwa nguvu. Nyumba zikachomwa moto, na watu wakaelekezwa Kingori, nchi ya joto ambayo wengi wao waliikataa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea wenzake. Yeye pamoja na Earle Seaton, mwanasheria aliyewasaidia, waliandika kisa hicho katika kitabu kilichotolewa mwaka 1967. Ombi lao halikurudisha ardhi wakati ule, lakini kisa cha Meru kilizunguka Tanganyika nzima, na wengi walijifunza siasa kutokana nacho.

Yasemwa haya kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960, miaka tisa tu baada ya moto ule, na imepakana na watu wale wale. Mwanzo iliitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto (waandishi wengine wa jiografia hupenda kuiita kasoko), na mwaka 1967 mlima Meru ukaingizwa ndani yake na jina likawa la Arusha. Sehemu ya Momella ilikuwa zamani shamba la familia ya Trappe, walowezi wa Kijerumani. Kwa macho ya mgeni, hapo ni mahali pa twiga, nyati, mbega weupe na weusi, na maziwa ya magadi yenye heroe. Kwa macho ya mzee wa Ngarenanyuki, ni mstari mwingine uliochorwa katika ardhi na watu wa ofisini. Macho yote mawili yanaona sawasawa. Mpango wowote utakaopanua hifadhi, au utakaotenga kijiji kuwa "eneo la uwekezaji wa utalii", utasomwa kwanza kwa macho ya mwaka 1951, hata kama mwandishi wake hajasikia habari za mwaka huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji neno katika mambo haya. Lakini neno linalotolewa baada ya ramani kuchorwa ni kama kuombwa ruhusa na mtu aliyekwisha kuketi katika kiti chako.

Hata hivyo, wanyama nao wana kisa chao cha kisiwa. Mwaka ule ule wa 1967 wataalamu wawili wa Marekani, MacArthur na Wilson, walitoa kitabu chao juu ya viumbe vya visiwani, wakionyesha kwamba kisiwa kadiri kilivyo kidogo na kadiri kilivyo mbali, ndivyo aina za viumbe wake zinavyopungua. Baadaye William Newmark aliitumia fikira hiyo kwa hifadhi za Tanzania, na mwaka 1996 akaeleza kwamba hifadhi ndogo zilizozungukwa na mashamba zilikuwa zimepoteza aina za wanyama wakubwa kwa haraka kuliko zile kubwa. Hifadhi ya Arusha haifiki hata sehemu ya ishirini ya Serengeti. Zamani tembo na wanyama wengine waliweza kupita nyikani baina ya Meru na Kilimanjaro. Leo katikati pana mashamba, nyumba na barabara. Kisiwa kimefungwa pande zote. Kwa hiyo kila kipande cha nyika kinachobaki wazi upande wa kaskazini na mashariki kina thamani kwa utalii ambayo hakuna anayemlipa mwenye kipande hicho. Mfugaji anayekiacha wazi anatoa sadaka kwa hoteli pasipo kujua, na siku atakapokilima nyanya, kama walimavyo jirani zake kwa maji ya mifereji, hatakuwa amekosa.

Tukifika katika fedha, mambo ni rahisi kueleza na magumu kutenda. Tuseme mgeni analipa shilingi mia huko Ulaya kwa safari yake. Sehemu moja hubaki kwa kampuni ya ndege. Nyingine hubaki kwa wakala aliyeiuza safari. Zinazofika Arusha hununua gari lililotoka ng'ambo, mafuta yaliyotoka ng'ambo, na mara nyingine hata jibini na maji ya matunda ya kopo. Ndoo inavuja kabla haijafika jikoni. Lakini si lazima kulaumu wageni kwa kila tundu. Hoteli huhitaji nyanya za kiasi kile kile kila siku, zilizo sawa, zenye stakabadhi. Mkulima wa Ngarenanyuki huvuna zote kwa mara moja na kuziuza sokoni kwa dalali aliye na lori. Siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, mtu anaweza kuona chakula cha kulisha hoteli zote za mkoa kimetandazwa chini, na hoteli iliyo karibu ikipokea mboga kutoka mbali. Kinachokosekana hapo ni ghala lenye baridi, chama cha kuuza kwa pamoja, na mtu wa kuandika mapatano. Hayo hayapigwi picha, na ndiyo sababu hayaonekani katika mipango mingi.

Vijiji vingine vimejaribu njia yao. Tangu miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii Tanzania, vijiji kama Ng'iresi, Mulala na Ilkiding'a vilianza kuwapokea wageni kwa matembezi: kutazama kahawa ikikaangwa, kupanda vilima, kula chakula cha nyumbani. Mulala, akina mama hutengeneza jibini. Sehemu ya malipo hutengwa kwa kazi ya kijiji kizima, kama vile shule. Fedha hizo si nyingi zikilinganishwa na za safari za magari, lakini zina sifa moja ya kuangaliwa: hupita mikononi mwa watu wale wale watakaoona kama zimetumika au zimepotea. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea watu wachache. Mwongozaji mmoja mwenye Kiingereza kizuri akihamia mjini, matembezi ya kijiji kizima hudhoofika.

Upandaji wa mlima nao una utaratibu wake. Mgeni hupita lango la Momella, hulala Miriakamba, kimo cha mita 2,514, kisha hulala penye Kibanda cha Saddle, mita 3,570, na kabla ya mapambazuko huanza kupanda kuelekea Kilele cha Ujamaa. Askari mwenye bunduki huongozana na wageni kwa ajili ya nyati. Wengi huupanda Meru ili kuizoesha miili yao kabla ya kwenda Kilimanjaro, na hapo pana jambo jema lililofichika: vibanda ni viwili na vitanda vyake vinahesabika, basi mlima una kipimo kilichokwisha kujengwa kwa mawe na mbao. Yuko atakayesema vitanda viongezwe. Kabla ya kumsikiliza, na aulizwe choo cha kitanda hicho kitakwenda wapi, kwa maana chini ya Miriakamba ndiko vijito vinakoanzia. Wapagazi, kwa upande wao, wana shida ya kalenda. Miezi ya wageni wengi, Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ambayo kahawa inaanza kuiva, na kijana mwenye nguvu hawezi kuwa kihambani na mlimani kwa siku moja. Masika, wakati ambapo kihamba hakina fedha, ndipo wageni nao hawapo.

Tatizo la masika ni dogo mbele ya tatizo la miaka mibaya. Filamu ya Hatari!, iliyotengenezwa na Howard Hawks na kuonyeshwa mwaka 1962, iliitangaza Momella duniani. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ukafunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu walikuwa wamekwisha kuanzisha ubishi mkali katika gazeti la The Standard, wakiuliza kama nchi ya ujamaa yapasa kujenga hoteli za wageni wakati vijiji havina maji. Barua zile Issa Shivji alizikusanya katika kitabu mwaka 1973. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Namanga ukafungwa, na watalii ambao walizoea kuja kwa njia ya Nairobi wakatoweka mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Mwaka 2020 jambo lilijirudia kwa sababu nyingine: wageni walioingia Tanzania, waliokuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, walipungua wakawa kama 620,000 kwa sababu ya maradhi ya korona. Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour ikazinduliwa Arusha, miaka sitini baada ya ile ya kwanza, na mwaka 2023 wageni wakafika kama milioni 1.8. Namba zikipanda, watu husahau. Lakini aliyekuwa dereva wa watalii mwaka 2020 anakumbuka ni shamba gani lililomlisha. Mpango ulio na akili hautamshawishi auze shamba hilo kwa ajili ya kununua gari la pili.

Imebaki habari ya nani atakayepanga. Mlima ni mmoja, lakini meza ni nyingi: Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na ile ya Meru, TANAPA ndani ya hifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu katika mashamba ya miti, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani juu ya mito yote. Kila mmoja ana ramani yake, na kila ramani huishia mpakani mwake. Mwenye kutaka kujenga hoteli ya vitanda hamsini huweza kupata kibali cha kiwanja kwa mmoja na cha kisima kwa mwingine, wala pasiwepo hata mmoja aliyeuliza kijiji cha chini kinakunywa nini. Si lazima kuunda mamlaka mpya. Tumekwisha kuunda nyingi. Yatosha kuwa na daftari moja la maji ya Meru, linalosomwa na meza zote, likionyesha kila chemchemi na kila kisima, ni maji kiasi gani yanayotoka humo wakati wa kiangazi, yana floraidi kiasi gani, na ni nani anayeyatumia. Ombi la hoteli lianzie katika daftari hilo. Likionekana kwamba chemchemi imekwisha kugawanywa yote, mwombaji na aelezwe hivyo siku hiyo hiyo, kabla hajaleta saruji.